Nusu Siku, Kericho

Likizo ya Agosti ni siku ishirini na moja.
Afisa wa watoto alipiga mstari katikati ya karatasi,
akasema: kumi na nusu kwa mama, kumi na nusu kwa baba,
akagonga muhuri, akaita wengine.

Hakuna aliyeuliza nusu ile itakatiwa wapi.
Mimi fundi wa nguo, nilipaswa kuuliza.
Kitambaa kinachobaki huwa na mwenyewe.

Basi siku ya kumi na moja, alfajiri, hapa Bondeni,
nawasimamisha Minayo na Kegode mlangoni
nawapima kwa utepe:
bega, mkono, kiuno hadi goti.
Naandika nyuma ya daftari la wateja,
chini ya deni la vifungo la mama Njoki.
"Mama, kwani sisi ni sare?"
Simjibu. Pini ziko mdomoni.

Baba yao hutoka Mbale na pikapu ya kuazima.
Mimi hutoka Nakuru na mabegi mawili
na miswaki itakayosahauliwa.
Tunakutana kwenye kituo cha mafuta, Kericho,
na mvua ya Kericho haivunji miadi:
saa nane inashuka, nasi tunaingia
kibandani kwa yule mziba pancha na mkewe,
tungoje ipungue.

Sahani mbili za chipsi, chai nne.
Asava humimina pilipili upande wake tu;
bado anakumbuka kuwa sili.
Hatusemi mengi. Bei ya mbolea. Jino la Kegode.
Mabati juu yetu yanasema yaliyobaki.
Siku moja yule mama alipokuja kufuta meza alisema,
"Mna familia nzuri,"
na hakuna aliyemsahihisha,
hata Kegode, anayesahihisha kila mtu.

Kisha mvua hukatika.
Nimewahi kuiomba izidi, nikiangalia kikombe.

Agosti ni msimu wangu.
Sketi thelathini na mbili, kaptula za kijivu,
muhula wa tatu wa watoto wa watu
umerundikana kitandani kwa wangu.
Saa moja jioni simu inaita, kuku wakilia nyuma yake.
Kegode ameteleza kwenye jabali, ameshonwa nyuzi tatu.
Nyuzi tatu! Na aliyeshona si mimi.
"Usijali, mama, daktari alitumia uzi mweusi,
kama wako."

Shangazi yao Kageha huwarudisha,
udongo mwekundu ndani ya soli,
mapera, na mwaka jana jogoo ndani ya katoni ya sabuni,
aliyewika siku tatu hadi mwenye nyumba akapanda ngazi.
Nikishamaliza kuwakumbatia natafuta utepe.
Minayo ameongeza nusu inchi.
Imeota kule, mbele ya macho mengine,
kwa mrenda wa nyanya yake na maziwa ya asubuhi.
Siwezi kuidai.
Nateremsha pindo la sketi.

Mwaka huu shule imetoa tarehe mpya.
Minayo, aliyefuzu kugawanya,
alikuja mbio na karatasi akaiweka juu ya cherehani:
ishirini na nane kwa mbili.
"Tazama! Kumi na nne, kumi na nne.
Hakuna baki."
Alikuwa na uso wa mtoto aliyepata vyote kwenye mtihani.
Nikamwambia vizuri sana. Nikamwekea vema kwa chaki.

Usiku nikampigia baba yake, nikamsomea hesabu.
Alinyamaza muda wa kutunga uzi sindanoni.
Nikasikia mvua ya Mbale, au ni redio.

"Hesabu tena, Gathoni," akasema.
"Yangu inatoka ishirini na saba."

Nikainuka, nikaendea kalenda ya ukutani,
nikahesabu tena, kwa sauti, kwa kidole.
Nikaruka Jumatano.